Kiti cha Keko

Kijumbe wetu, Asteria, alinihesabia juzi,
noti kwa noti, akilamba kidole:
laki mbili na nusu, zamu yangu.
Akasema, "Haya, usizile."
Nikasema, nani ale hela? Nanunua tangi.

Na kweli nilikuwa nimeshalinunua kichwani.
Jeusi, la lita elfu moja,
nimelipandisha juu ya matofali nyuma ya jiko,
nimelifunga koki, nimemgombeza Nasikiwa
asiichezee koki.
Nyumba nzima hapa Tandika ilishaogea maji yake,
na wapangaji, na mtoto wao wa kikohozi.

Kwetu maji hutoka Jumanne na Ijumaa
saa tisa za usiku, kama mume mlevi:
kwanza kikohozi bombani, kisha kutu, kisha yenyewe.
Nami husimama.
Ndoo hii ikijaa nasogeza ile.
Kukicha nasimama tena, kaunta ya duka la dawa,
kutwa nzima, "mara mbili kwa siku, baada ya kula,"
miguu imeumuka kama unga uliotiwa hamira.
Miaka kumi na tisa.

Sasa niambieni nilifuata nini Keko.
Matangi hayauzwi Keko.
Nilikata kona nikijidanganya nakwepa foleni,
vumbi la mbao likanipokea, mninga na vanishi,
vitanda vimesimamishwa wima kama wanafunzi walioadhibiwa,
na katikati yao, kile.

Kiti cha kubembea.
Hakina droo. Hakikunjwi. Hakitunzi kitu.
Kazi yake ni kwenda mbele na kurudi,
kwenda mbele na kurudi,
safari isiyo na nauli.

"Kaa, mama," alisema fundi Kalembo. "Kukaa ni bure."

Jamani.

Kuna kitu kiliachia kiunoni
ambacho sikujua nilikuwa nimekishikilia.
Nikaviona visigino vyangu vikinyanyuka,
kimoja, kingine, vyepesi, vya mtoto.
"Bei?" Mbili na thelathini.
Nikasema mbili na kumi.
Nabishania bei ya kitu nisichonunua!

Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo,
ila kibaba cha nani?
Changu kila mwaka humiminwa kwenye cha mwenzie.
Mwaka juzi, ada. Mwaka jana, bati.
Bati! Nani aliwahi kukumbatia bati?
Na bado nilikuwa nalisikia tangi likiniita kwa jina,
kwa sauti ya marehemu mama,
aliyekufa na vitenge kumi na viwili sandukuni
vingali na karatasi ya dukani.

Kirikuu ilipopaki, wapangaji walitoka mbio
kusaidia kushusha tangi.
Wakashusha kiti.
Mama wa mtoto wa kikohozi akakizunguka mara mbili.
"Koki yake iko wapi?"
Nasikiwa alicheka mpaka akakaa chini.
Mimi nikaona aibu, aibu hasa,
ya mtu aliyekutwa na sukari mdomoni.

Ijumaa, saa tisa, bomba likakohoa.
Nikakiburuta hadi kibarazani, nikakaa, ndoo mguuni.
Mbele na nyuma. Kutu ikapita. Maji yakaja
na sauti yao ya kupanda,
nene kwanza, halafu nyembamba, halafu nyembamba zaidi

Nilizinduliwa na baridi vidoleni.
Ndoo imefurika, kibaraza chote kinang'aa,
yanapita chini ya kiti kuelekea mtaroni,
maji ya siku nne,
na dirishani kwa wapangaji taa imewaka.

Nilipaswa kuruka, kufunga, kujitukana.
Nitafunga.
Acha kwanza kirudi,
kilikuwa kimeenda mbele.